Kondoo, Pamba na Uzi wa Kiangazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu



 Katika sherehe kama hii desturi ni kuwasimamisha watu waliofaulu. Aliyevuna kupita wenzake husimama akaeleza alivyofanya, na wengine wakampigia makofi. Sisi hatukuitwa kwa sababu hiyo. Tumeitwa kwa kuwa tulipata hasara, na hasara yetu yahusu jambo litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu: kutumia sehemu ya akiba ya Chama kununua kondoo wa sufu, wagawiwe wanachama, ili watu wasokote nyuzi majumbani mwao na kuziuza. Jambo hilo sisi tumekwisha kulijaribu, kwa mali yetu na kwa fedha tulizokopa. Ni haki yenu kusikia habari zake kabla hamjanyosha mikono.

Sisi ni nyumba ya watu 7: mume na mke, watoto 4, na bibi yetu ambaye umri wake umepita miaka 80. Shamba letu liko kaskazini ya mji wa Tabora, upande wa Nzega. Wazee wetu walisema kwamba misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Nyanza ilipita upande huo. Tunajua katika vitabu kwamba Bwana Speke alitoka Kaze, yaani Tabora ya siku zile, mwezi wa Julai 1858, akashika njia ya kaskazini, na mwanzo wa Agosti akaliona Ziwa. Basi twalima kando ya njia ya watu waliokuwa wakipita na mizigo ya nguo vichwani, na habari ya nguo hizo tutaifikia hapo mbele.

Shamba letu ni dogo. Tuna mahindi na mtama, karanga na viazi vitamu, jaruba moja la mpunga mbugani, na ekari 2 za pamba. Kipande kimoja tumekifunga kiwe ngitili, nyasi zisiguswe mpaka kiangazi kikali. Ng'ombe tunao wachache wa kukokota plau. Lakini mnyama aliye karibu zaidi na maisha yetu ya kila siku ni kondoo, na kwa hiyo twaomba ruhusa tueleze siku yetu moja ilivyo.

Alfajiri, kabla ya chai, zizi hufagiwa. Samadi ya usiku hukusanywa kwa pauro na kutupwa katika shimo lililofunikwa kwa majani, isiliwe na jua. Watoto wetu waliwahi kuuliza kwa nini kazi ya kwanza ya siku iwe mavi ya kondoo. Tukawaonyesha mistari ya pamba iliyotiwa samadi na mistari isiyotiwa. Hawakuuliza tena.

Kondoo hawafunguliwi mapema. Twangoja umande ukauke, kwa sababu vijidudu vya minyoo hupanda juu ya majani mabichi wakati wa umande, na kondoo alaye nyasi za alfajiri hula na ugonjwa wake. Wakati wa kungoja twawakagua mmoja mmoja. Twafunua ukope wa chini wa jicho. Ukiwa mwekundu, kondoo ni mzima. Ukiwa umepauka, minyoo yamnyonya damu, na hapo ndipo twamnywesha dawa, yeye peke yake, wala si kundi zima. Bwana Mifugo alitufundisha hivyo, akatuonya kwamba dawa ikinywewa ovyo minyoo huizoea, na mwisho haifi.

Yapata saa tatu kundi hutoka. Watoto wakiwa shuleni, mchungaji ni bibi. Huenda polepole na fimbo yake mpaka mabua ya mtama, na kiangazi kikizidi mpaka ngitili. Saa sita kundi hunyweshwa maji lamboni, kisha hulala chini ya mwembe. Nyumbani wakati huo mama yuko shambani au anakata viazi vya michembe na kuvianika mwambani. Jioni kundi hurudi, nasi huhesabu mara mbili, maana fisi hahesabu hata mara moja. Usiku huliwa ugali na mlenda, au michembe iliyopikwa na karanga, na habari za mchana huzungumzwa.

Hayo ndiyo maisha ya kufuga kondoo katika nchi yetu. Hayana fahari, lakini yana faida yake. Jike huchukua mimba kwa miezi 5 hivi, na kondoo mmoja aweza kuuzwa shida ya karo ikitokea, bila kugusa ng'ombe wa plau. Nyama yake yajulikana, mafuta ya mkia wake yajulikana, na ngozi yake bibi huilalia.

Ila kitu kimoja hana: hana sufu. Kondoo wetu wa Unyamwezi, kama wale wa sehemu nyingi za Tanzania, ana singa fupi kama za mbuzi. Singa hizo zimenyooka na zateleza, na ukizisokota zaachana. Sufu ni kitu kingine kabisa. Unyoya wa sufu una mawimbi, tena una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, nayo hushikana. Ndiyo sababu yafaa kuwa uzi na blanketi.

Katika mwaka wa 6 wa Chama chetu tulisikia sifa za kondoo wa sufu, tukaona picha zake, na moyo ukatutoka. Tukajiambia: nyasi tunazo, mikono tunayo, na kiangazi chetu ni kirefu. Tukauza maksai 2 wa plau. Fedha hazikutosha, tukakopa katika chama chetu cha msingi. Tukanunua majike 4 na dume 1 kutoka nchi ya milima mirefu, wakaletwa kwa lori. Walipoteremshwa, majirani walikuja kuwashika mgongo. Watoto wetu waliwaita mawingu.

Walifika mwezi wa Agosti, na Agosti ilikuwa njema kwao. Mwezi wa Oktoba jua la Tabora likawashukia. Kondoo wetu wa asili walipokuwa wakila, wale wageni walikuwa wamesimama chini ya mwembe, vinywa wazi, wakihema. Bwana Mifugo alikuwa ametuambia mapema kwamba wakatwe sufu kabla ya joto. Sisi tukakawia, kwa tamaa ya kupata sufu ndefu zaidi. Kosa hilo ni letu, wala hatumtupii mtu mwingine.

Tena mbegu za nyasi zenye ncha kali ziliingia katika sufu zikachoma mpaka ngozini, na kila usiku tulikaa na taa tukizitoa kwa vidole. Mvua ziliponza mwezi wa Novemba, sufu ilinywa maji ikakaa mbichi siku nzima. Kwato zikaanza kuoza katika tope la mbuga. Dume alikufa mwezi wa Januari. Majike 2 walifuata mwezi wa Machi, nyuso zao zimevimba na midomo imejaa vidonda. Tuliambiwa kwamba yaelekea ni ugonjwa uitwao ulimi wa buluu, uenezwao na visubi wa majira ya mvua. Ugonjwa huo aghalabu kondoo wa asili huupata bila kuonyesha dalili kubwa, bali kondoo wa sufu waliotoka ng'ambo huwaua. Jike mmoja aliharibu mimba. Waliobaki wawili tuliwauza kwa bei ya nyama.

Sasa twawapa hesabu ya sufu. Kwa jumla tulikata kilo 9. Sufu mbichi ina mafuta mengi na uchafu, na baada ya kuoshwa zilibaki kilo 5. Hata kuiosha tulijifunza kwa hasara, maana tuliisugua kama nguo, na kipande kizima kikagandamana kikawa kama kofia. Sufu hulowekwa katika maji ya vuguvugu na sabuni, ikaachwa bila kusuguliwa, kisha huanikwa kivulini na kuchanwa kwa vichana vya meno ya waya. Tulisokota, tukafuma, tukapata mablanketi 2. Mjini hakupatikana mnunuzi wa bei iliyostahili kazi ile. Moja tulimpa bibi, na mwezi wa Juni, usiku ukiwa na baridi, hulisifu sana. Twaamini ni blanketi la gharama kubwa kuliko yote katika wilaya yetu.

Lakini hasara yenyewe ilikuwa shambani. Maksai wamekwisha kuuzwa, na mvua zikaja bila plau. Tulilima kwa jembe la mkono, na pamba tuliyopanda mwaka ule haikufika hata nusu ya desturi. Deni tulililipa kwa misimu 2, na mtoto wetu wa kwanza alichelewa shule kwa mwaka mzima. Ndugu wanachama, mkisikia neno hasara katika mkutano, kumbukeni kwamba hasara haikai katika daftari. Hukaa katika nyumba ya mtu, na aghalabu mtoto ndiye anayeilipa.

Je, maana yake ni kwamba kondoo wa sufu ni kitu kibaya? La. Maana yake ni kwamba kila mnyama ana nchi yake. Nchi ya Lesotho, iliyo juu milimani, yauza sufu ulimwenguni. Jirani zetu wa Kenya wana mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ulio juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,900, hali Tabora yetu ina mita 1,200 hivi. Huko Nanyuki tangu miaka ya 1970 wako wanawake walioungana pamoja, husokota sufu kwa mkono, huitia rangi za mimea, na kufuma mazulia yanayouzwa mbali. Kazi yao ni ya kusifiwa. Walakini wao wana baridi ya mlima, na sufu ilikuwa karibu nao kabla hawajaanza.

Tena hata huko Kenya mwanzo haukuwa rahisi. Bwana Delamere, Mwingereza mwenye mali nyingi, alipata shamba kubwa sana huko Njoro mwaka 1903, akatia kondoo. Wengi walikufa, kwa kuwa malisho yale yalipungukiwa na madini, na hakuna aliyejua. Ilimpasa kuhamia ardhi nyingine. Yeye alikuwa na mali ya kupoteza na kuanza tena. Sisi tulikuwa na maksai 2.

Sasa twaja kwenye sehemu ya pili ya maneno yetu, nayo ndiyo iliyotufanya tukubali kusimama hapa.

Jioni moja, baada ya mambo hayo yote, tulikuwa tumekaa barazani. Vichana vya sufu vilikuwa vimetupwa pembeni. Bibi akauliza, "Mayu, hivi ninyi mlikwenda milimani kutafuta nini?" Mama akamjibu, "Tulitafuta kitu cha kusokota, bibi." Bibi akanyamaza kidogo, kisha akanyosha mkono katika gunia la pamba lililokuwa likingoja kupelekwa sokoni. Akatwaa fumba moja, akatoa mbegu kwa vidole, akaivuta na kuiviringisha juu ya paja. Uzi ukatoka. Ulikuwa mwembamba na mgumu. Sisi tuliokaa naye miaka yote hiyo hatukujua kwamba alijua.

Akatueleza kwamba alifundishwa na bibi yake alipokuwa mtoto. Si kwa ajili ya nguo, maana nguo za dukani zilikuwa zimekwisha enea, bali kwa ajili ya tambi za taa na nyuzi za kutungia shanga. Bibi yake naye alifundishwa na wakubwa waliokumbuka vitanda vya kufumia. Siku ya pili akatutengenezea chombo chake: kijiti chembamba cha urefu wa shibiri moja na nusu, na chini yake kipande cha kibuyu kilichokatwa mviringo kama sarafu, kukipa uzito. Sisi twakiita pia, kwa kuwa huzunguka kama pia ya watoto.

Ndugu zangu, jambo hili si ngano. Wasafiri wa Kizungu waliofika nchi hii, Burton na Speke mwaka 1857, na Speke tena mwaka 1861, waliandika kwamba waliwakuta Wanyamwezi wakifuma nguo za pamba katika vitanda vyao wenyewe. Vivyo hivyo Wafipa walisifika kwa nguo zao nzito za pamba. Watu wengine walivaa ngozi zilizolainishwa, au nguo za magome ya miti ya miombo. Lakini pamba ililimwa, ikasokotwa, ikatandwa mtande, ikapitishwa mshindio, hapa hapa Unyamwezi, kabla ya reli na kabla ya kinu chochote cha kuchambulia pamba.

Kwa nini basi kazi hiyo ilikufa? Wengi husema wazee wetu walipenda vitu vya kigeni. Sisi tumefikiri sana, na twaona sivyo. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na nguo nyeupe za pamba kutoka huko zikamiminika pwani. Kwa jina la nchi hiyo zikaitwa merikani. Marekani ilipopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hata 1865, bidhaa hiyo ilipungua, na nguo za Kihindi na za Kiingereza zikashika nafasi yake. Nguo zikawa ndiyo fedha ya njia ya misafara. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8. Hongo ilipokewa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na mpagazi alipata ujira wake kwa nguo.

Na mpagazi huyo alikuwa nani? Alikuwa Mnyamwezi, kijana na mtu mzima, mwenye nguvu ya kuchukua mzigo mzito mwendo wa miezi mitatu kati ya Bagamoyo na Tabora. Alisafiri wakati gani? Aghalabu wakati wa kiangazi, mazao yakiisha ghalani, ili arudi kabla ya mvua za kupandia. Hapa ndipo twawaomba mtazame kwa makini. Kiangazi ndicho kilichokuwa kipindi cha kusokota na kufuma, kwa kuwa ndipo mikono ilipopumzika. Msafara ulipomchukua mfumaji, ulichukua kiangazi chake, ukamlipa kwa nguo iliyofumwa na mtambo wa ng'ambo. Wala hakufanya ujinga. Siku moja ya mzigo ilimpatia nguo nyingi kuliko siku moja ya kitanda cha kufumia. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini baada ya watu wa vizazi viwili kupiga hesabu ile ile, hakubaki wa kufundisha. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ikafa, na mpagazi akarudi nyumbani. Kitanda cha kufumia hakikuwako tena.

Hata leo twalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa katika marobota, kisha nguo hurudi kwetu zikiwa zimeshonwa, au zimevaliwa na watu wengine kwanza. Jambo hilo ni kubwa kuliko nyumba yetu, wala hatutaki kudanganya mtu kwamba pia ya bibi itashindana na viwanda. Twawapa hesabu yake pia, kama tulivyowapa ya sufu.

Bibi akichunga kondoo, mikono yake haina kazi. Kondoo wahitaji macho, hawahitaji vidole. Kwa hiyo huchukua pia na kikapu cha pamba iliyotolewa mbegu, akasokota hali anatembea au amekaa kivulini. Katika siku 6 za machungani hupata uzi wa gramu 200 hivi. Blanketi moja zito lahitaji kilo moja na nusu, yaani yapata majuma 8 ya kusokota, bado kufuma. Ukihesabu hivyo, blanketi la pamba ya mkono halitauzika kwa bei ya mkulima kununua. Hapo mfumaji wa zamani alikuwa na haki, na hesabu yake haijabadilika.

Lakini tulijiuliza: ni kitu gani kihitajicho uzi kidogo tu, kikapata thamani kubwa? Jibu lilikuwa lile lile alilofundishwa bibi utotoni, tambi. Mkoa wetu ni nchi ya nyuki, na nta ya Tabora imeuzwa ng'ambo tangu zamani. Gramu 200 za uzi zikisukwa, zatoa tambi za mishumaa zaidi ya 300. Tulinunua nta kwa jirani mfuga nyuki, tukamimina mishumaa katika vipande vya mianzi, tukaiuza mjini, na kwa wageni waendao Kwihara kutazama tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Hatukutajirika. Faida ya kiangazi kimoja ilitosha dawa ya kondoo ya mwaka mzima, na madaftari ya watoto, na salio dogo. Ila safari hii hatukuuza maksai, hatukukopa, na hakuna kitu kilichoweza kufa mikononi mwetu. Kama mishumaa isingenunuliwa, tungeiwasha.

Hivyo tumeona kwamba kondoo na uzi vyapatana kweli katika nchi yetu, ila si kwa njia tuliyoifikiri. Uzi wetu hautoki mgongoni mwa kondoo. Kondoo hutoa samadi, samadi hulisha pamba, na machunga humpa mchungaji saa za kuisokota.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, tunayo maombi matatu.

La kwanza, twaomba Mkutano Mkuu usipitishe fedha za kununua kondoo wa sufu. Twajua kwamba viongozi walioleta wazo hili wana nia njema, na sisi tulikuwa na nia njema vile vile. Lakini akiba ya Chama ni maksai wa watu wengi.

La pili, sehemu ya fedha hizo iwatumikie kondoo tulio nao: dawa, majosho, elimu ya kukagua ukope, na kulinda ngitili zetu zisilimwe. Mwenye kundi zima la asili ana mali asiyoihesabu.

La tatu, na hili ndilo tunalolisema kwa haraka ya moyo: vyama vya msingi viulize, kijiji kwa kijiji, ni nani bado ajuaye kusokota pamba. Wako wachache, tena ni wazee, nao hawasemi kwa kuwa hawakuulizwa. Sisi tuliishi na mmoja nyumba moja tusijue. Chama kitoe fedha kidogo tu, pamba kiasi na posho ya walimu, kwa kiangazi kimoja. Hesabu iandikwe wazi, na mwisho wa kiangazi isomwe mbele ya wanachama. Ikiwa ni hasara, isomwe hivyo hivyo. Ikiwa ni faida, twende hatua ya pili.

Historia ya ushirika katika nchi hii ina mafunzo. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wazee waliopita kipindi kile watawaambia kwamba chama aweza mtu kukivunja kwa siku moja, lakini kuwarudisha wanachama katika imani huchukua miaka mingi. Imani hiyo hujengwa na mambo madogo: mizani ya kweli, daftari lisilofutwa, na mkutano ambao mtu aweza kusimama akasema "nilikosa" pasipo kuchekwa. Leo mmetusikiliza bila kutucheka, nasi twakiona Chama chetu kuwa kimekwisha kuwa mtu mzima ingawa kina miaka 10 tu.

Bibi hakuweza kuja kwa sababu ya miguu. Alituagiza neno moja. Alisema, "Waambieni waje kabla ya mvua." Tukamwuliza kama ana maana ya mvua za mwaka huu. Akajibu kwamba yeye hazijui mvua nyingine.